Kalamu ya babu na wino wa rangi ya majivu



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo kinacholala katika masanduku ya jamaa mingi: kalamu ya wino ya babu. Kijana anaifungua, anaona ncha ya zahabu, na mara moja anauliza: "Baba pasta, naweza kuandika nayo? Nitie wino gani?" Tena siku hizi wengi hawataki wino wa bleu wala mweusi. Wameona katika simu rangi ya majivu, ile ya mawingu mbele ya mvua, na wanaipenda kwa sababu ni ya upole na haipigi macho.

Swali hili si la kucheka. Ukinunua kalamu mpya na kuiharibu, utanunua ingine. Lakini kalamu ya babu haina ndugu yake sokoni. Wino mbaya unaweza kuiziba ao kuoza mpira wake, na ile kazi ya miaka 60 ao 70 inaisha kwa majuma machache. Basi tuangalie jambo hili polepole.

KALAMU HIZI ZILITOKA WAPI?

Vijana, mjue kwamba kuko wakati ambapo biki haikuwako. Bic Cristal, ile ya plastiki tunayoijua wote, ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Mbele ya pale, na hata miaka mingi kisha pale, mtu wa biro aliandika kwa wino. Kamina ni mji wa makaratasi mingi: njia ya reli ya BCK ilipita hapa na kufika Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928, kisha Wabelgiji wakajenga Base yao kubwa ya ndege. Reli ilitaka makarani, Base ilitaka makarani, kompani za migodi vilevile. Karani mwenye kalamu ya wino mfukoni alionekana kwa mbali.

Kalamu za wakati ule zilikuwa za namna mingi. Kulikuwa Waterman, jina lililoanza New York mwaka 1884. Kulikuwa Pelikan ya Ujerumani, iliyoanza kuuza kalamu yake ya pistoni mwaka 1929. Kulikuwa Parker 51, ambayo watu walianza kuinunua mwaka 1941. Kila moja ina mwili wake, na kila mwili una kitu unachokiogopa.

JUA KWANZA MWILI WA KALAMU YAKO

Mbele ya kununua wino, angalia kalamu inakunywa namna gani.

Kama kuko mkono mdogo wa chuma ubavuni, ndani yake kuko kifuko cha mpira. Mpira huu ndio mahali pa uzaifu. Unazeeka, unakauka na kupasuka, ao unageuka kuwa kitu cha kunata kama lami. Wino mukali unaharakisha ubaya huu. Tena mpira unaooza unatoa hewa yenye kiberiti, na hewa hii inageuza rangi ya kalamu ya seluloidi, inakuwa ya kahawia. Kwa hiyo kalamu inaharibika ndani na inje pamoja.

Kama unazungusha kichwa cha nyuma ili wino upande, ni kalamu ya pistoni. Zile za kwanza zilikuwa na koki ya mti, kama ile ya chupa, ili kuziba wino. Koki ikikauka inakuwa ndogo na wino unavuja nyuma. Nyingi za pistoni zina dirisha ambalo unaona wino ndani; dirisha hilo linashika rangi ya wino mukali na halirudi tena kuwa safi.

Kama ni Parker 51, fungua pipa lake. Zile za kwanza zina utando wa mpira unaosukumwa kwa kidole huko nyuma. Zile za tangu mwaka 1948 zina kifuko cha plastiki ndani ya bomba la chuma, na hizi ni ngumu sana. Kuko nyingine zinazoandika hata leo na kifuko chao cha kwanza.

Hujui ni namna gani? Usivute kwa nguvu. Tia ncha tu katika maji ya baridi, uache usiku mmoja, kisha jaribu tena polepole.

WINO SI MOJA

Watu wengi wanazani wino ni maji ya rangi tu. Hapana. Kwa kazi yetu tugawanye wino katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wino wa rangi iliyoyeyuka ndani ya maji, sawa vile sukari inavyoyeyuka ndani ya chai. Wino huu hauachi mchanga. Ukikauka ndani ya kalamu, maji yanauyeyusha tena. Ndio wino wa kalamu za zamani.

Fungu la pili ni wino wenye vumbi dogo sana la rangi ambalo haliyeyuki, linaogelea tu. Ukikauka ndani ya njia ndogo za kalamu, vumbi linabaki na maji hayaliondoi vizuri. Wino wa Uchina, ule wa kuchora, una masizi na gundi. Huo usiutie katika kalamu ya babu hata siku moja.

Fungu la tatu ni wino wa chuma. Unatengenezwa kwa maji makali ya miti pamoja na chumvi ya chuma, na una asidi. Una alama yake: leo unaandika hafifu, kesho maandiko yamekuwa meusi, kwa sababu hewa imeufanyia kazi. Ndio wino wa vitabu vikubwa vya zamani. Haufutiki kwa maji, lakini unakula ncha ya chuma, na ukikaukia ndani unaacha uchafu ambao maji peke yake hayauwezi. Kijana, ukiona wino "wa kijivu" ambao kesho yake umekuwa mweusi, ujue si rangi ya majivu uliyonunua. Ni chuma.

Hata jina kubwa kwenye chupa haliachi kazi ya kuangalia. Wakati Parker ilipotoa kalamu yake ya 51, ilitoa vilevile wino wa kukauka upesi, mukali, na chupa yenyewe ilionya watu wasiutie katika kalamu zingine. Yaani mfundi mwenyewe alijua kwamba wino wake ungeua kalamu zake za zamani.

JUU YA NINI RANGI YA MAJIVU INAFAA?

Hapa kuko habari njema. Wino wa rangi ya majivu wa fungu la kwanza mara nyingi una rangi kidogo ndani ya maji mengi. Wino wenye rangi nzito sana, kama nyekundu kali ao zambarau, ndio unaochafua dirisha na kushika mpira. Wa majivu, kwa sababu ni mwepesi, unatoka upesi wakati wa kuosha. Kwa kalamu ya mzee huo ni upole.

Lakini kuko mitego. Wa kwanza ni kwamba majivu si rangi moja. Mfundi anachanganya rangi kadhaa, bleu kidogo, kahawia kidogo, zambarau kidogo. Unaweza kuona kwa macho yako: kata kipande cha karatasi ya kuchuja kahawa ao karatasi nyeupe inayokunywa maji, tia tone la wino karibu na chini, kisha simamisha ncha ya karatasi ndani ya maji kidogo. Maji yakipanda, rangi zitaachana. Watoto wa shule watafurahi sana, na watajifunza kemia bila kulipa.

Mtego wa pili ni wino wa majivu unaojisifu kwamba haufutiki. De Atramentis ya Ujerumani ina wino wa Document wa rangi ya majivu. Huo ni wa vumbi, fungu la pili. Noodler's ya Marekani ina Lexington Gray, ambao unashika nyuzi za karatasi hata maji hayauondoi. Ni wino mzuri kwa kazi yake, lakini uutie katika kalamu ya leo ambayo unaweza kuifungua na kuiosha yote.

Mtego wa tatu ni wino wa kumeta-meta, wenye unga wa zahabu ao wa feza. Unga ule utakaa chini ya koo ya kalamu na kuiziba. Achana nao.

CHAGUA HIVI

Kama kuko ndugu anayesafiri, ao unaagiza kutoka Lubumbashi ao mbali zaidi, mwandikie majina haya juu ya karatasi:

1. Gris Nuage ya J. Herbin, Ufaransa. Jina ni "majivu ya wingu." Ni hafifu sana na inaoshwa kwa urahisi. Ubaya wake: mzee mwenye macho mazaifu hataweza kuisoma usiku kwa taa ndogo.

2. Kiri-same ya Pilot, Japani, iliyokuwa katika jamii ya Iroshizuku. Jina lake ni mvua nyepesi ya ukungu. Inasomeka kuliko ya kwanza.

3. Fuyu-syogun, ya Pilot vilevile. Ni majivu yenye bleu ndani, rangi ya mbingu ya asubuhi wakati wa baridi ya mwezi wa sita kwetu.

4. Moonstone ya Pelikan, katika jamii ya Edelstein. Ilitoka mwaka 2020.

Zote nne ni za rangi iliyoyeyuka. Lakini kama kalamu yako ni ya mpira ao ya seluloidi nyeupe-nyeupe, na ni kumbukumbu pekee ya mzee, anza kwanza na wino wa bleu wa kufutika: Royal Blue ya Pelikan 4001, ao bleu ya kawaida ya Waterman. Hizo ndizo watengenezaji wa kalamu za zamani wanazitumainia zaidi. Ikiandika vizuri miezi mitatu bila kuvuja, hapo uje kwa rangi ya majivu.

KAMA HAIPATIKANI

Najua mtasema: "Pasta, hapa kwetu chupa ya majivu tutaipata wapi?" Sokoni mara nyingi utakuta wino mweusi ao wa bleu tu. Inawezekana kutengeneza majivu kwa wino mweusi wa fungu la kwanza, kama mweusi wa Pelikan 4001, ukiongeza maji. Kamata chupa ndogo safi, tia sehemu moja ya wino na sehemu tatu ya maji, andika, angalia, kisha ongeza ao punguza. Fanya kidogo tu, wa juma moja ao mawili, kwa sababu maji yanapunguza ile dawa ya ndani inayozuia ukungu, na wino uliolala unaoza. Usistaajabu kama mweusi fulani ukiongezwa maji unatoa kijani ao zambarau: umekwisha kuona juu kwamba rangi zinaachana.

Maji gani? Bora yale yasiyo na chumvi ya udongo: maji yaliyochujwa kwa moto, ao maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi, yakachemshwa na kupoa. Na hapa nawasihi, wazazi: kwa mafundi wa magari kuko maji ya betri na kuko asidi ya betri, na mara nyingine vyote viwili vinatiwa katika bidon zinazofanana. Asidi inachoma mkono na macho. Mtoto asitumwe peke yake kutafuta maji ya betri kwa ajili ya wino. Kama huna hakika, tumia maji ya mvua.

Tena usichanganye wino wa kompani mbili. Zinaweza kupigana ndani ya kalamu na kutoa matope.

JARIBU MBELE YA KUTIA

Wino mupya, ao wa zamani uliokuta katika sanduku, upitishe katika majaribu haya:

Nusa. Ukinuka kuoza, ao ukiona nyuzi na ngozi juu yake, mwaga katika shimo na uvunje ile chupa.

Chovya. Usijaze kalamu siku ya kwanza. Chovya ncha tu, andika ukurasa mmoja, osha.

Acha. Siku ya pili jaza kidogo, andika, funika, acha siku tatu. Ikianza kuandika mara moja, wino unaipenda kalamu. Ikikataa, osha na utafute mwingine.

Lowesha. Andika majina mawili juu ya karatasi, ngoja siku moja, kisha lowesha moja kwa maji. Jina lingine liache kwenye dirisha la jua majuma mawili. Hapo utajua wino wako una nguvu gani.

KUOSHA NA KUSAFIRI

Osha kalamu kila unapobadili wino, na kama unaandika mara chache, osha mwisho wa mwezi. Maji ya baridi tu. Maji ya moto yanakunja seluloidi na kugeuza eboniti nyeusi kuwa ya kahawia. Alkoli na dawa ya kuondoa rangi ya kucha zinayeyusha seluloidi, usiziguse. Wakati wa kiangazi wino unakauka upesi, kwa hiyo usiache kalamu wazi mezani. Kama hutaandika nayo muda mrefu, ioshe, ikauke, uiweke mbali na jua. Lakini ile ya koki haipendi kukaa kavu. Hiyo uitumie mara kwa mara.

Anayepanda ndege ajue: ndege ikipanda, hewa iliyo ndani ya kalamu inapanuka na kusukuma wino inje. Safiri na kalamu iliyojaa kabisa ao tupu kabisa, ncha ikiangalia juu. Shati nyeupe itakushukuru.

KITU USICHOANDIKA KWA WINO HUU

Sasa jambo kubwa zaidi, na kwa ajili yake nimechagua habari hii.

Wino unaoifaa kalamu ya zamani ni wino unaofutika kwa maji. Ni wazi: kile kinachotoka upesi ndani ya kalamu, kinatoka upesi vilevile juu ya karatasi. Na sisi tunakaa katika nchi ya mvua. Bati moja likitoboka mwezi wa kwanza, maji yakaingia kabatini, maandiko ya majivu yataondoka yote. Yatabaki makaratasi meupe yenye alama ya maji.

Katika jamaa nyingi za kwetu, kaye ya nyumbani ndiyo inayojua mtoto alizaliwa siku gani, nani alibatizwa, nani alioa nani, na shamba la mzee linaishia wapi. Mtoto akikosa kuandikishwa mbele ya serikali, ile kaye ndiyo inayosema kwa ajili yake siku ya shule ao siku ya urizi. Ikifutika, nani atasema? Wajane na mayatima wanajua uzito wa maneno haya.

Kwa hiyo gawanya kazi. Kalamu ya babu na wino wa majivu: barua kwa rafiki, mazungumzo ya moyo wako ndani ya kaye yako mwenyewe, mashairi, hotuba utakayosoma jumapili na kuiweka pembeni. Majina, tarehe, feza na mipaka: tumia biki nyeusi ao ya bleu nzuri, kwa sababu wino wake una mafuta na maji hayauondoi upesi. Hata makaratasi ya biro yanahitaji hivyo, maana majivu hafifu mara nyingi hayaonekani katika fotokopi.

Na kama unapenda majivu hata kwa majina? Kuko majivu mamoja yasiyoogopa maji wala jua: kalamu ya risasi, ile kreyo ya mtoto wa shule. Ndani yake hakuna risasi hata kidogo. Ni grafiti, ndugu ya makaa. Adui yake ni gome tu. Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, aliandika kwa wino, na wino wa nchi zile za zamani ulikuwa mara nyingi wa masizi. Makaa hayaondolewi na jua. Tena kama kanisa lenu lina kitabu kikubwa na mnataka wino wa chuma, nunueni kalamu ya kuchovya ya bei ndogo. Hiyo inapanguswa kila mara, haina koo ya kuziba, na ncha ikilika mnatia ingine.

Nasema hivi kwa vijana hasa. Kuheshimu kalamu ya babu ni vizuri. Lakini babu mwenyewe aliitumia ili majina ya watu yasipotee. Linda chombo chake, na ulinde vilevile kazi aliyoifanya nacho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Nyumbani mwetu, majina na tarehe za kuzaliwa zimeandikwa wapi? Kwa kalamu gani?

2. Kaye ile inakaa mahali pakavu? Nani anajua mahali pale, zaidi ya baba na mama?

3. Kuko tarehe ambazo mzee wetu anazijua kwa kichwa tu? Nani ataziandika mbele ya mwisho wa mwezi huu?

4. Katika masanduku yetu kuko chombo cha kazi cha wazee, kalamu ao kingine? Tunajua namna ya kukitunza?

Mkae salama, na mungu awalinde katika nyumba zenu. Mwezi ujao tutaonana tena katika ukurasa huu.